Château Latour: kwa nini divai yake husubiriwa miaka mingi

Kila mwaka, majira ya kuchipua yanapofika Ufaransa, habari za biashara hujaa bei za divai mpya za Bordeaux. Mashamba makubwa hutangaza, moja baada ya jingine, bei ya mavuno ya mwaka uliopita, na wanunuzi wa London, New York na Hong Kong hukesha wakipiga hesabu. Katika msururu huo kuna jina moja kubwa ambalo limekosekana tangu mavuno ya 2012, nalo ni Château Latour. Shamba hilo huuza kwa wakati linaoutaka lenyewe, na chupa linazozitoa ni za mavuno ya zamani, ambayo majirani zake walikwisha kuyauza miaka mingi nyuma.

Maswali hayaishi. Je, divai hiyo ilikosa mnunuzi? Kulala ghalani muda wote huo hakuiharibu? Na ikiwa chupa moja hugharimu mamia ya euro, na ya miaka mashuhuri hupita elfu moja, ndani yake mna nini hasa? Wapo waliokwisha kukata shauri kwamba ni jina tu. Jina lina sehemu yake, tena si ndogo, nami nitaifikia. Lakini habari za Latour zote, kuanzia bei mpaka ugomvi wake na soko, zina mzizi mmoja, na mzizi huo unaonjeka mdomoni: ukakasi.

Ukakasi

Aliyewahi kung'ata bibo la mkorosho anaujua. Ulimi unakauka, ufizi unabana, mate yanakimbia. Kinacholeta hali hiyo ni tanini, kemikali ambayo mimea huiweka kwenye maganda, mbegu na magome yake. Imo kwenye chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, na imo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Divai nyeupe hukamuliwa juisi yake kwanza, maganda yakatupwa. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake kwa siku nyingi, na humo ndimo inamopata rangi na ukakasi kwa pamoja.

Wengi huuchanganya ukakasi na mambo mengine matatu. Ukakasi si uchungu, kwa sababu uchungu ni ladha na ukakasi ni mguso. Si uchachu, yaani ule ukali unaofanana na wa limau, ambao divai pia inao. Wala hautokani na kileo: Latour huwa na kileo cha asilimia 13 hivi, miaka ya joto zaidi kidogo, sawa na divai nyingi za bei ya chini. Anayeonja divai nyekundu kavu kwa mara ya kwanza, hasa kama amezoea zile tamu, mara nyingi hudhani imeharibika. Haijaharibika. Kavu ni divai ambayo hamira imekula sukari yake karibu yote na kuigeuza kileo, na Latour ni kavu, kwa hiyo hakuna utamu wa kuufunika ukakasi.

Latour ikiwa changa ina tanini nyingi. Rangi yake inakaribia weusi, harufu yake imejifunga, na mdomoni hukaa nzito na ngumu kiasi kwamba mnywaji asiyeijua anaweza kuisukuma glasi kando. Ugumu huo ndio tabia yake inayojulikana kuliko zote. Château Lafite Rothschild, lililoko kaskazini mwa Pauillac, wilaya ya Ufaransa lilimo Latour pia, husifiwa kwa wepesi na manukato. Château Mouton Rothschild husifiwa kwa utajiri unaojionyesha mapema. Latour husifiwa kwa nguvu, na nguvu hiyo haiji na tabasamu siku ya kwanza.

Miaka inapopita, chembe za tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na chembe za rangi, zikawa kubwa, na nyingine zikazama chini ya chupa. Ndiyo maana chupa kuukuu huwa na mashapo meusi chini, na ndiyo maana mwenye kuimimina huihamishia kwanza kwenye chombo kingine polepole, ayaache mashapo nyuma. Kinachobaki ni laini kuliko kilichokuwapo. Wekundu wa zambarau hugeuka kuelekea rangi ya tofali, ukianzia kwenye ukingo wa glasi. Harufu ya matunda meusi hupungua sauti, zikajitokeza nyingine: mwerezi, tumbaku, ngozi iliyotengenezwa, risasi ya penseli, majani makavu. Latour ya mwaka mzuri huhitaji miaka 15 au 20 kabla ya kufika huko, na ya 1961 ingali inawindwa minadani hadi leo.

Hakuna anayetia tumbaku wala mwerezi ndani ya divai. Dhana hiyo imeenea, na chanzo chake ni maelezo ya waonjaji kwenye vibandiko na magazeti. Harufu hizo huzaliwa na zabibu zenyewe, na mbao za mwaloni za pipa, na mabadiliko ya taratibu chupani. Mwonjaji anaposema "mwerezi" anaeleza kinachomkumbusha, kama vile mtu anavyosema asali fulani ina harufu ya maua ya mwembe.

Dhana ya pili ndiyo inayowapotezea watu fedha: kwamba kila divai huwa bora ikikaa. Sehemu kubwa sana ya divai inayouzwa duniani hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache. Ukiifungia miaka 20 utakuta tunda limekufa na kilichobaki ni uchachu mtupu. Kinachoiwezesha Latour kusafiri umbali huo ni wingi wa tanini, uchachu wa kutosha, na zabibu zilizokolea sana, vyote kwa pamoja. Hata hivyo itafika tu ikihifadhiwa gizani, imelazwa ili kizibo kisikauke, kwenye ubaridi usiobadilikabadilika wa nyuzi 12 hadi 14 hivi. Chupa iliyosimamishwa juu ya kabati la sebuleni Mombasa au Dar es Salaam, hata iwe ya shamba gani, hupikwa na joto. Haizeeki, inachakaa.

Changarawe na mto

Sasa, ukakasi mwingi unaweza kupatikana popote. Chuma zabibu mbichi, ziloweke na mbegu zake, utaupata, tena ule mkali wa kukwaruza ambao hata miaka 50 haitaulainisha. Ugumu wa kazi ni kupata tanini nyingi zilizoiva. Hapo ndipo ardhi inapoingia.

Latour liko Pauillac, katika eneo la Médoc, kwenye ukingo wa kushoto wa lango la mto liitwalo Gironde, kilomita 50 hivi kaskazini mwa jiji la Bordeaux. Liko upande wa kusini kabisa wa Pauillac, mpakani na Saint-Julien, na jirani yake ng'ambo ya kijito ni Château Léoville Las Cases. Neno château hapa lisikupeleke kwenye kasri. Katika biashara ya Bordeaux ni shamba la mizabibu pamoja na mitambo na maghala yake, na nyumba inaweza kuwa kubwa, ya kawaida, au isiwepo. Kwa Latour ni nyumba ya kawaida tu ya karne ya 19.

Moyo wa shamba ni kipande cha hekta 47 kinachoitwa l'Enclos, kilichoizunguka nyumba hiyo. Ni kilima kidogo mno, mgeni anaweza kukipita bila kukitambua kama kilima, lakini ni lundo la changarawe zilizobebwa na mito zama za kale. Changarawe hufanya mambo mawili. Huchuja maji ya mvua haraka, mizizi isizame kwenye tope, na hutunza joto la mchana. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaohifadhi unyevu kidogo, na mizizi mirefu ya mizabibu mikongwe huufikia wakati wa ukame. Mwaka 2003, Ulaya ilipoungua kwa joto kali na mashamba mengi yakatoa divai zilizokauka, Latour lilitoa divai inayosifiwa hadi sasa.

Kisha kuna maji yenyewe. Gironde iko mita 300 hivi tu kutoka kwenye mizabibu, pana kama mlango wa bahari, na hupunguza makali ya baridi usiku wa theluji na jalidi. Watu wa Médoc wana kauli ya siku nyingi kwamba mizabibu iliyo bora ni ile inayouona mto. Usiku wa jalidi wa Aprili 1991 uliua machipukizi sehemu kubwa ya Bordeaux, na mashamba yaliyo karibu na maji ndiyo yaliyopata nafuu.

Joto la changarawe lina faida maalumu kwa sababu ya aina ya zabibu. Bordeaux huchanganya aina kadhaa, na kwa Latour inayotawala ni Cabernet Sauvignon. Katika miaka ya karibuni imekuwa mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya divai yao kuu, iliyobaki ikiwa Merlot hasa. Tunda la Cabernet Sauvignon ni dogo na ganda lake ni nene, maana yake maganda na mbegu ni nyingi ukilinganisha na juisi. Ndiyo asili ya ukakasi tuliouanza. Lakini aina hii huchelewa kuiva. Ikipandwa kwenye udongo wa baridi hubaki mbichi, ikatoa divai yenye harufu ya majani na ukakasi wa kukwaruza. Changarawe zenye joto huisukuma mpaka iive, nayo ikiiva, tanini zake zinakuwa nyingi bila kuwa katili.

Wasomaji wa Dodoma, waliozoea kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, watashangaa kidogo hapa. Pauillac mzabibu hulala majira yote ya baridi bila jani hata moja, huchipua Machi au Aprili, na huvunwa mara moja, Septemba au Oktoba. Mvua ya wiki moja isiyotakiwa wakati wa mavuno huathiri kazi ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyo kibandiko cha chupa huonyesha mwaka, na bei ya mwaka mmoja inaweza kuwa mara mbili ya ule unaoufuata, ingawa shamba na mikono ni ileile. Sifa nyingine ya Latour, ambayo nadhani inastahili heshima kuliko nguvu zake, ni kwamba hata katika miaka mibaya hutoa divai ya kueleweka.

Kazi ya shambani hufanywa kwa mikono, na sehemu ya l'Enclos hulimwa kwa farasi. Tangu 2018 shamba lote limethibitishwa kuwa la kilimo hai. Mzabibu ukifa hung'olewa huo peke yake na kupandwa mpya mahali pake, na zabibu za mizabibu michanga huchumwa kando zisichanganywe na za mikongwe. Baada ya kuchachuka kwenye matangi ya chuma cha pua, divai kuu hukaa takriban mwaka mmoja na nusu kwenye mapipa mapya ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225. Pipa huongeza tanini zake kidogo na kupitisha hewa ndogo mno kwenye mbao, mwanzo wa ule ulainikaji utakaoendelea chupani.

Mnara ambao si mnara

Kwenye kibandiko kuna simba amesimama juu ya mnara, na ukienda Pauillac utauona mnara wa mawe, mviringo, katikati ya mizabibu. Karibu kila mtalii huupiga picha akidhani ndio uliolipa shamba jina, maana la tour kwa Kifaransa ni mnara. Sio. Mnara wa asili ulikuwa ngome ya karne ya 14, iliyojengwa kulinda lango la mto wakati Waingereza na Wafaransa wakipigania eneo hilo, na ulitoweka baada ya utawala wa Waingereza kumalizika huko mwaka 1453. Unaoonekana leo ulijengwa karne ya 17, na kazi yake ilikuwa kufugia njiwa.

Divai yenyewe ilipata jina chini ya ukoo wa de Ségur. Nicolas-Alexandre de Ségur, aliyemiliki Latour na Lafite kwa wakati mmoja katika karne ya 18, aliitwa mkuu wa mizabibu. Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alipita Bordeaux mwaka 1787 na kuandika mashamba manne aliyoambiwa ni ya daraja la juu kabisa. Latour lilikuwamo. Yalikuwa ni yaleyale manne yaliyokuja kuwekwa juu mwaka 1855.

Orodha hiyo ya 1855 inatajwa sana na inaeleweka vibaya sana. Watu hudhani waamuzi walikaa mezani wakaonja na kutoa alama. Haikuwa hivyo. Napoleon III alitaka divai za Ufaransa zionyeshwe kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, na madalali wa Bordeaux wakaombwa wapange madaraja. Walichofanya ni kufungua vitabu vyao vya biashara na kuangalia kila shamba limekuwa likiuzwa bei gani kwa miaka mingi. La bei ya juu likawekwa juu. Daraja la kwanza likawa Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, na tangu hapo badiliko kubwa ni moja tu, Mouton kupandishwa mwaka 1973.

Kwa hiyo anayesema "ni ghali kwa sababu ni daraja la kwanza" ana nusu ya ukweli, kwa kuwa lilipewa daraja la kwanza kwa sababu lilikuwa ghali. Bei ilizaa cheo, nacho cheo kimekuwa kikiilinda bei kwa zaidi ya miaka 160. Ongeza kwamba hekta 47 haziongezeki huku matajiri wanaozitaka wakiongezeka, utapata sehemu ya gharama ambayo haimo ndani ya chupa. Sioni haja ya kuificha. Chupa ya euro 600 haina ladha mara 20 ya chupa ya euro 30, na mtu yeyote anayekuuzia kwa hoja hiyo anakudanganya. Unacholipia zaidi ni uhaba, historia, na uhakika kwamba itazeeka vizuri.

Wazao wa ukoo wa de Ségur waliuza sehemu kubwa ya shamba kwa Waingereza mwaka 1963, na Wafaransa wengi wakaumia mioyo. Ukweli ni kwamba ndio waliolifufua. Mwaka 1964 waliingiza matangi ya chuma cha pua, jambo lililokuwa geni kwa mashamba ya hadhi hiyo, na mavuno ya 1966 yakaanzisha divai ya pili, Les Forts de Latour, ili zabibu zisizofikia kiwango zisiingie kwenye divai kuu. Mwaka 1993 François Pinault, bilionea wa Kifaransa, alilinunua, na lingali mikononi mwa familia yake.

Ugomvi na soko

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la habari. Mfumo wa kawaida wa Bordeaux huitwa en primeur. Zabibu huvunwa Septemba, na ifikapo Aprili, divai ikiwa bado kwenye mapipa, waonjaji na wanunuzi wa dunia nzima hualikwa kuionja. Shamba hutaja bei, madalali hulikutanisha na wafanyabiashara wa jumla, hao huwauzia waagizaji, na mnywaji wa mwisho hulipa leo kwa chupa atakayoipokea baada ya miaka miwili hivi. Mchuuzi wa maembe anayemlipa mwenye shamba wakati mwembe ungali na maua anauelewa mfumo huu bila maelezo zaidi. Mkulima anapata fedha mapema, mchuuzi anatumaini bei ya msimu itakuwa juu ya aliyolipa, na hatari ya kila kitakachotokea katikati ameibeba mchuuzi.

Mfumo ulifanya kazi vizuri muda wote ambapo bei za baadaye zilipanda. Mavuno ya 2009 na 2010 yalisifiwa mno, bei zikaruka, na walionunua kwa bei hizo wengi walikuja kuona thamani ya chupa zao ikishuka. Aprili 2012, Frédéric Engerer, mkuu wa Latour, aliwaandikia wafanyabiashara kwamba mavuno ya 2011 yangekuwa ya mwisho kuuzwa kwa njia hiyo. Kuanzia hapo divai ingetunzwa ghalani Pauillac na kutolewa pale shamba litakapoona imekaribia kuwa tayari. Hivyo hakuna mnunuzi aliyekosekana. Wanunuzi waliambiwa wasubiri.

Sababu iliyotolewa inapatana na yote tuliyoyasema kuhusu ukakasi. Divai inayohitaji miaka 15 huuzwa ikiwa na miwili, ikapita mikononi mwa watu watano, ikalala kwenye maghala usiyoyajua, na wengi huifungua kabla ya wakati kwa sababu hawana subira wala mahali pa kuihifadhi. Ikikaa pale ilipozaliwa, mnunuzi anajua haijapikwa na joto njiani, na anajua si ya kughushi. Hili la kughushi ni tatizo la kweli kwa chupa za bei hiyo.

Sababu ambayo haikutajwa kwa sauti ni fedha. Thamani inayopanda wakati divai ikilala zamani iliwaendea wafanyabiashara, na sasa humwendea mwenye shamba. Si dhambi, ni mali yake. Lakini kusubiri kunagharimu: kujenga maghala na kulipa mishahara kwa miaka bila kuuza divai ya mwaka husika. Shamba la familia ya kawaida lisingeweza. Pinault, ambaye familia yake inamiliki pia nyumba ya mnada ya Christie's na kundi la mavazi ya kifahari la Kering, anaweza. Nadhani hilo ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini majirani wenye daraja lilelile, Lafite, Mouton, Margaux na Haut-Brion, hawakumfuata.

Anayetaka kuijua tabia ya shamba hili bila kungoja miaka 20 ana njia. Les Forts de Latour, inayotokana zaidi na mashamba ya nje ya l'Enclos na mizabibu michanga, ina umbo lilelile la ukakasi na mwerezi lakini hufunguka mapema. Chini yake kuna divai ya tatu, Pauillac de Latour, ambayo huwa laini zaidi na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya divai kuu. Na divai kuu yenyewe inabadilika. Majira ya joto ya Bordeaux yamekuwa makali zaidi, Cabernet Sauvignon inaiva kwa uhakika ambao mababu wa Pauillac hawakuujua, na tanini za miaka ya karibuni ni nyingi kama zamani ila zimeiva zaidi. Wanaozionja changa sasa huzikuta zikivumilika mapema kuliko zile za miaka ya 1970, huku kileo kikipanda kidogo kidogo.